Namna ya Kumfuatilia Mwenye Shamba la Kahawa Hadi Kuwapata Watu Aliowamiliki

Kila mwaka hapa Tabora, hasa wakati wa likizo ndugu wanapokutana, hunijia mtu mmoja au wawili wakiwa na swali linalofanana: mzee wa ukoo wao alichukuliwa katika zama za utumwa, inasemekana alipelekwa kulima kahawa ya Wazungu, nao wangependa kujua alikuwa wapi na chini ya nani. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na jibu ninalowapa huwashangaza mwanzoni, kwa sababu ninawaomba waache kwanza kumtafuta mzee wao, wamtafute yule aliyemmiliki. Nyaraka za mashamba ziliandikwa na wenye mashamba, mawakili wao, wadai wao na serikali zao, kwa ajili ya kodi, mirathi, rehani na fidia, na mtumwa aliingia humo kama sehemu ya mali. Ukilijua jina la bwana, daftari hufunguka. Usipolijua, utapekua kwa miaka bila kuona kitu. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuishia kwa bwana huyo, wakajaza kurasa kuhusu hisa zake na nyumba yake, na kumsahau mzee wao waliyeanza kumtafuta.

Kabla ya kufungua faili, kaa na wazee

Kazi huanzia nyumbani, nayo ina adabu yake. Nilipokuwa kijana nilikwenda Ujiji kwa bibi mmoja niliyeambiwa kwamba mama yake aliletwa akiwa mtoto kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, kisha nikamuuliza moja kwa moja kama mama yake alikuwa mtumwa. Bibi alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa kwenye ungo, na baada ya muda mjukuu wake akanisindikiza hadi barabarani. Niliporudi baada ya miezi kadhaa niliuliza kwa namna nyingine: "Bibi, wazee wenu walifika hapa wakitokea wapi, na walifikia kwa nani?" Alizungumza mpaka adhana ya alasiri. Alinieleza kwamba wao ni "watu wa nyumba ya" mzee fulani, akataja njia waliyopita, na akataja watoto waliozaliwa katika nyumba ile. Neno mtumwa hakulitamka hata mara moja, wala sikuwa na haja nalo tena, kwa kuwa maneno "watu wa nyumba ya" yalikuwa yamekwisha kunipa jina la mwenye nyumba.

Andika kila neno kama lilivyotamkwa, kwa sababu maneno ya wazee hubeba tarehe ndani yake. Mzee akisema babu yake alikuwa "mateka", anaeleza namna alivyopatikana. Akisema "mzalia", anamaanisha aliyezaliwa katika nyumba ya bwana. Akisema "suria", ni mwanamke aliyewekwa na bwana, na watoto wake kwa kawaida walihesabiwa kuwa huru. Neno "mpagazi" halina maana ya utumwa peke yake, kwani Wanyamwezi wengi walibeba mizigo ya misafara wakiwa watu huru wanaolipwa. Neno "kipande" linaelekeza kwenye kadi ya kazi iliyotumiwa na Wajerumani katika mashamba, na baadaye na Waingereza pia. Neno "manamba" kwa kawaida linaelekeza kwenye wakati wa Mwingereza na mashamba ya mkonge, ambako watu waliandikishwa kwa mkataba na kuitwa kwa namba. Ukilisikia, huenda habari unayosimuliwa si ya utumwa wala si ya kahawa, na ni vizuri kulijua hilo mapema kabla hujapoteza nauli.

Majina nayo ni dalili, ingawa si ushahidi. Mabruki, Feruzi, Baraka, Faraji na Songoro ni majina ambayo mabwana wa pwani na wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, walipenda kuwapa watumwa, lakini waungwana pia waliyatumia, na mtu aliyekombolewa aliweza kuchukua jina jingine kabisa siku ile ile. Kwa hiyo muulize mzee majina yote ambayo mtu mmoja aliwahi kuitwa: la utotoni, la nyumba ya bwana, la dini na la utani. Muulize pia Mzungu mwenye shamba aliitwaje na wafanyakazi, maana jina la utani la Kiswahili mara nyingi ndilo pekee lililosalia, na nitaonyesha hapa chini kwamba hata hilo linatosha kuanzia.

Amua ni kahawa ya nani

"Kahawa ya Wazungu" inaweza kuwa mahali kadhaa. Inaweza kuwa kahawa ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambako watu wa Afrika Mashariki walipelekwa kwa majahazi na merikebu tangu karne ya 18. Inaweza kuwa kahawa ya Usambara, ambako makampuni ya Kijerumani yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 1890. Inaweza pia kuwa kahawa ya walowezi wa Kilimanjaro, au hata ya mkulima wa kawaida wa Kasulu au Buhigwe katika miaka ya baadaye kabisa, ambayo haina uhusiano wowote na utumwa. Hesabu vizazi. Ikiwa anayekusimulia alizaliwa mwaka 1945 na anamzungumzia baba wa babu yake, huenda uko kati ya miaka ya 1870 na 1900, na Usambara inawezekana. Bourbon, kisiwa kinachoitwa sasa Réunion, haielekei kuwa jibu, isipokuwa kama simulizi la ukoo linarudi nyuma zaidi ya hapo.

Hata hivyo ninamshauri kila mtafiti ajifunze kusoma daftari za ng'ambo kwanza, hata kama mzee wake hakufika huko. Sababu ni kwamba katika makoloni yale utumwa wa shambani ulikuwa halali waziwazi, kwa hiyo umiliki wa ardhi na umiliki wa watu uliandikwa pamoja, na jicho hujifunza haraka kinachotafutwa. Katika koloni la Wajerumani mambo yalifichwa ndani ya mikataba, na asiyezoea atayapita bila kuyaona.

Daftari za ng'ambo ya bahari

Tuanze na Jamaica, kwa sababu kumbukumbu zake ni rahisi kufikiwa kwa simu yenye intaneti. Mwaka 1817 serikali ya kisiwa iliwataka wote waliowashikilia watumwa watoe orodha yao, na orodha hizo zikarudiwa kila baada ya miaka mitatu hadi 1832. Nakala zake zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, katika kundi linaloitwa T 71, na picha zake zimewekwa mtandaoni, ambako huweza kutafutwa kwa jina la mwenye mali. Chagua wilaya iliyojulikana kwa kahawa, kwa mfano Manchester au Port Royal, kisha soma ukurasa mmoja polepole.

Juu ya ukurasa kuna sentensi ndefu inayotaja wilaya, tarehe 28 Juni 1817, jina la mtoa orodha, na kwa haki gani anawashikilia watu hao: kama mwenyewe, kama wasii wa marehemu, kama mlezi wa yatima, au kama wakili wa mtu anayeishi Uingereza. Usiiruke sentensi hiyo, kwa sababu watafiti wengi huandika kwamba fulani "alimiliki" watumwa 80 ilhali alikuwa wakili tu, na mmiliki hakuwahi kukanyaga kisiwa. Chini yake kuna safu za jina, rangi, umri, mahali pa kuzaliwa kwa maana ya Afrika au kisiwani, na safu ya mwisho ya maelezo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa mara kwa mara humo ndimo jina la mama linapoandikwa, na kwa jina la mama unaweza kuunganisha watoto waliotawanywa katika kurasa za wanaume na za wanawake. Katika orodha za miaka iliyofuata utakuta waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa na waliouzwa tu, kwa hiyo ni lazima uanze na 1817 na kusonga mbele. Ukifungua orodha ya 1829 peke yake utadhani shamba lilikuwa na watu sita.

Njia ya pili ni fidia. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1833 ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, ikatenga paundi milioni 20 kwa ajili ya waliokuwa wakimiliki watu wapatao 800,000, wakati waliomilikiwa hawakupewa chochote na wengi wao wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, kimeweka mtandaoni bila malipo hifadhidata ya madai hayo, nayo inatafutika kwa jina la mtu, la shamba, la wilaya au kwa namba ya dai. Ukiifungua, angalia mambo mawili. Kwanza, dai moja laweza kuwa na wadai wengi: mjane mwenye posho ya mwaka kutoka shambani, mfanyabiashara wa London aliyeshika rehani, wasii, na ndugu wanaopingana mahakamani, na aliyelipwa huenda ni yule aliyeshika rehani wala si yule aliyeitwa bwana. Pili, kiasi cha fidia kwa mtu mmoja kilitofautiana mno baina ya koloni na koloni, karibu paundi 20 Jamaica na zaidi ya 50 katika Guyana ya Waingereza, kwa kuwa kilikokotolewa kutokana na bei za soko la watumwa za kila mahali. Binafsi siwezi kuzisoma tarakimu hizo kwa utulivu, na sidhani kwamba mtafiti anapaswa kuwa na utulivu huo. Anachopaswa kufanya ni kuzinakili bila kukosea.

Watu waliofikishwa Jamaica walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, kwa hiyo usitarajie kumkuta Mnyamwezi humo. Kundi lile lile la T 71 lina daftari za Mauritius, ambako watu wetu walikuwapo kwa wingi, ila wengi waliandikwa kwa neno moja tu, "Mozambique", hata kama walitoka maili mamia kaskazini au ndani ya bara. Mauritius ilikuwa ya miwa zaidi. Kwa kahawa, geukia Réunion.

Kahawa ya Mokha ilifikishwa Bourbon mwaka 1715, ikawa zao kuu la kisiwa kwa karne nzima, na mahitaji yake ya watu yaligusa pwani yetu moja kwa moja: mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alipata mkataba kwa Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi waliopita Kilwa walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa upande wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo ukikuta neno "Cafre" kwenye daftari la Kifaransa usiligeuze haraka kuwa Mnyamwezi au Muha. Lina maana ya mtu wa bara la Afrika na halizidi hapo.

Ugumu wa Réunion ni kwamba tufani za mwaka 1806 na 1807 ziliharibu mikahawa mingi na wenye mashamba wakahamia kwenye miwa. Utumwa ulipofutwa huko tarehe 20 Desemba 1848, na watu kama 62,000 wakawa huru, mashamba yaliyolipwa fidia chini ya sheria ya mwaka 1849 mengi yalikuwa ya sukari. Hifadhidata ya fidia ya Wafaransa, iliyofunguliwa mwaka 2021, itakupa jina la aliyelipwa, lakini neno kahawa hutaliona. Ni lazima urudi nyuma ukoo kwa ukoo hadi kwenye hati za mthibitishaji, yaani ofisa aliyeidhinisha mikataba na mirathi, hasa orodha ya mali inayoandikwa mtu anapofariki. Hati ya namna hiyo huanza chumba kwa chumba: vitanda, sufuria, saa ya ukutani, ikatoka nje ikahesabu mikahawa, ng'ombe na vinu, kisha, kwa mwandiko ule ule na wino ule ule, ikaandika watu, kila mmoja na jina lake, umri wake, ugonjwa wake na bei yake. Hapo ndipo shamba la kahawa na watu wake hukutana katika ukurasa mmoja. Baada ya uhuru kila mtu alipewa jina la ukoo na kuandikwa katika daftari maalumu pamoja na namba yake ya zamani ya utumwa, na kwa namba hiyo unaweza kumvusha kutoka kwenye orodha ya mali hadi kwenye orodha ya raia.

Mashamba ya Wajerumani na wenye nayo

Turudi kwetu. Wajerumani walipoanza kulima kahawa Usambara, katika maeneo kama Derema, Bulwa na Kwamkoro ambayo leo hujulikana kwa chai, umiliki ulikuwa zaidi wa makampuni yenye wanahisa Berlin na miji mingine ya Ujerumani. Sheria ya ardhi ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza ardhi ambayo serikali iliiona haina mwenyewe kuwa mali ya dola, na kwa njia hiyo maeneo makubwa yakauzwa au kukodishwa. Mwenye shamba, basi, anatafutwa kama kampuni. Kitabu cha mwaka cha makampuni ya makoloni cha von der Heydt, kilichotolewa kuanzia 1907, kinataja mtaji, wakurugenzi, mashamba na mazao ya kila kampuni. Gazeti la Usambara-Post la Tanga na lile la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, ambayo yote yamewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Berlin, yana matangazo ya mauzo, ya vifo na ya mashamba yaliyofilisika. Faili za ofisi ya makoloni ziko katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani huko Berlin, kundi R 1001, na sehemu kubwa ya kundi hilo husomeka mtandaoni. Upande wa Tanzania, faili za serikali ya Wajerumani ziko Dar es Salaam katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; nenda ukiwa na barua ya utambulisho, na ikiwezekana uwe umekwisha kupata namba ya faili, kwa sababu siku mbili za kusubiri ni fedha nyingi kwa aliyetoka Kigoma.

Nilipoanza kazi hii nilipoteza mwaka mzima nikimfuatilia mtu niliyedhani ni mwenye shamba, kumbe alikuwa msimamizi aliyeajiriwa. Jifunze maneno machache ya Kijerumani kabla hujaanza: Besitzer ni mwenye mali, Leiter ni msimamizi, Pflanzer ni mkulima mlowezi, Gesellschaft ni kampuni. Wazee wanapokutajia Mzungu, kwa kawaida wanamtaja msimamizi, kwa kuwa yeye ndiye waliyemwona akiwa na kiboko.

Kuna mara chache ambapo jina la utani linakufikisha kwa mwenye mali mwenyewe, na mfano ulio bora unatuhusu sisi wa Tabora. Ofisa Tom von Prince, ambaye mwezi Januari 1893 aliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, na Isike akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kushikwa, alijulikana kwa jina la Bwana Sakarani. Alipoacha jeshi alikwenda kuwa mlowezi Usambara ya Magharibi, na shamba lake likaitwa Sakarani. Alikufa katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, lakini jina halikufa, na leo mahali hapo pako mikononi mwa watawa Wabenedikto. Mzee wa Tabora akikuambia kwamba watu wa ukoo wake "walikwenda kwa Sakarani", amekupa jina la mwenye shamba, wilaya na muda wa karibu miaka 15, vyote katika neno moja.

Kwa yaliyofuata baada ya vita pita haraka, ila usiache pengo. Mali za Wajerumani zilichukuliwa kama mali za adui na kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1920. Matangazo yake utayapata katika Gazeti la Serikali la Tanganyika. Mwaka 1963 milki za kudumu ziligeuzwa kuwa za kukodi kutoka serikalini. Ofisi ya Msajili wa Hati inayohusika na mkoa lilipo shamba inaweza kukufanyia upekuzi wa hati kwa ada, na mara nyingine hati ya sasa inataja namba ya ile ya zamani.

Pale mtumwa anapoandikwa kama mfanyakazi

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, nami naomba isomwe kwa subira. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Waliiharamisha biashara, wakauacha umiliki wa nyumbani, kisha wakaupunguza kidogo kidogo: amri ya tarehe 29 Novemba 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo na kuwa na siku mbili za juma za kujifanyia kazi zake, na amri ya tarehe 24 Desemba 1904 ikasema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa 1904 na mama mtumwa alikuwa mtumwa, na mdogo wake wa tumbo moja aliyezaliwa 1906 alikuwa huru. Ukipata umri wa watu katika simulizi, upime kwa tarehe hizo kabla ya kuandika lolote.

Sasa, shamba la kahawa liliingiaje humo? Wenye mashamba walikuwa na njaa ya vibarua. Wengi waliwapata kwa mawakala waliofika Unyamwezi kuandikisha watu, na Wanyamwezi walitembea hadi Usambara kwa mamia, wengine na wake zao, wakafanya kazi kwa ujira na kurudi au kulowea huko. Hao walikuwa watu huru, na kuwaita watumwa ni kuwadhulumu, kwa kuwa walitoka na kurudi kwa uamuzi wao hata pale masharti yalipokuwa makali. Lakini ilikuwapo njia nyingine. Mwenye shamba aliweza kumlipa bwana thamani ya mtumwa. Mtumwa akapata hati ya uhuru kutoka kituo cha serikali. Kisha akawajibika kulifanyia kazi shamba lile mpaka deni la ukombozi wake limalizike. Katika hesabu za kampuni mtu huyo ni kibarua mwenye deni. Katika taarifa ya kituo ni mtumwa aliyekombolewa. Ukisoma karatasi moja tu, utasema alikuwa mfanyakazi, na utakuwa umekosea nusu ya maisha yake.

Kwa sababu hiyo tafuta karatasi mbili kwa kila mtu. Katika faili za Berlin na Dar es Salaam tafuta neno Freibrief, yaani hati ya uhuru, na neno Loskauf, yaani ukombozi kwa malipo. Taarifa za mwaka za serikali zilihesabu hati hizo kwa wilaya na kwa sababu ya uhuru, na hesabu ya jumla hukuambia ni vituo gani vya kupekua. Halafu linganisha na mikataba na hesabu za vibarua za kampuni. Majina hayataandikwa kama tunavyoyaandika leo: Ujiji ni Udjidji, Unyamwezi ni Unjamwesi, Juma ni Djuma. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule una herufi "e" inayofanana na "n", nami nimewahi kulisoma jina la kijiji kwa makosa mara tatu kabla ya kulitambua. Chukua juma moja ujifunze herufi hizo, ukizinakili kwa mkono wako mwenyewe.

Usiache daftari za makanisa. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879, na katika vituo vyao vya awali waliwakomboa watoto kwa malipo na kuwalea. Daftari la ubatizo la parokia ya zamani huweza kuonyesha mahali pa kuzaliwa na jina la wazazi, au nafasi tupu mahali pa wazazi, ambayo nayo ni habari. Omba ruhusa kwa paroko kwa maandishi, taja miaka unayoitaka, wala usiombe kupiga picha kurasa za watu walio hai.

Karatasi iliyomo sandukuni

Mara nyingine kinachotafutwa Berlin kimo uvunguni mwa kitanda. Katika nyumba moja ya Ng'ambo, hapa Tabora, nilionyeshwa karatasi iliyokunjwa mara nne, imepasuka kwenye mikunjo, ikiwa ndani ya bahasha ya pamba pamoja na hati ya ndoa na risiti za kodi. Ilikuwa na muhuri uliofifia, kiasi cha rupia, na majina mawili. Jina la bwana lilikuwa na "bin" mbili, hivyo baba yake na babu yake wote walijulikana. Jina la aliyekombolewa lilikuwa neno moja. Familia ilikuwa imeitunza kwa vizazi vinne bila yeyote kuweza kuisoma, ikiamini ni hati ya kiwanja.

Ukionyeshwa karatasi ya namna hiyo, nawa na ukaushe mikono yako, kisha iweke karatasi juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha pasipo na jua kali, na uipige picha pande zote mbili, kwa sababu nyuma mara nyingi huwa na namba ya daftari la kituo. Usiifungue kwa nguvu mikunjo iliyoganda, wala usiibandike utepe wa plastiki wenye gundi, maana gundi huila karatasi na kuiachia madoa. Nakili maandishi yote hata usiyoyaelewa, pamoja na namba, kisha tafsiri mbele ya wenyewe wakisikia, ukianza na jina la mzee wao kabla ya jina la aliyemmiliki. Waulize ni nani wanaruhusu aione nakala na jina lipi lisitajwe hadharani, uyaandike majibu hayo kwenye nakala yenyewe. Ile ya asili irudishe mikononi mwao siku hiyo hiyo, uwaachie na karatasi uliyoandika tafsiri, yenye namba ya daftari iliyosomeka vizuri, ili atakayekwenda Dar es Salaam kutoka katika ukoo ule ajue aombe faili gani.